Nyuzi zipi zinalifaa gitaa kavu la zamani?

Kabla ya kuulizia nyuzi zenye sauti tamu, likague gitaa lenyewe. Laza rula juu ya ubao wa mbele, nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi. Ubao ukiwa umevimba sana, au daraja limeanza kubanduka, usinunue chochote. Lipeleke kwa fundi. Na kama nyuzi hufungwa fundo pale darajani, karibu hakika liliundwa kwa nailoni. Usilitie nyuzi za chuma kamwe.

Likiwa zima, kinachoamua ni mkazo. Seti inayoanzia uzi wa inchi 0.012, ile ya kawaida madukani, huvuta kwa jumla zaidi ya kilo 70, mchana na usiku, na gundi ya zamani ndiyo inayobeba mzigo huo. Isitoshe, magitaa mengi ya zamani hayana fimbo ya kurekebisha shingo. Hata Martin, kampuni kongwe ya magitaa ya Marekani, walianza kuiweka mwaka 1985 tu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni nyuzi za hariri na chuma. Kiini cha nyuzi zake za besi ni chuma chembamba pamoja na hariri, siku hizi mara nyingi nailoni, kisha huzungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Ni laini vidoleni na hazilitesi gitaa. Sauti yake ni ya upole. Ukipenda kucharaza kwa nguvu utaiona ndogo, lakini kwa upigaji wa vidole sijapata zinazozishinda.

Namba mbili ni seti ya 0.011 ya fosfa bronzi (shaba na bati, pamoja na fosfa kidogo), kwa gitaa ambalo shingo yake imenyooka. Sauti yake ina joto na besi ya kutosha. Bronzi ya 80/20, yaani shaba 80 na zinki 20, hung'aa zaidi siku za mwanzo, ila jasho huizima upesi.

Ya tatu ni 0.010. Ni salama, lakini nyembamba mno: ukipiga kwa nguvu hugonga vyuma vya shingo na kukwaruza.

Hiyo 0.012 naikubali kwa sharti moja: tyuni chini kwa toni nzima. Mkazo hupungua kwa takriban asilimia 20, na kapo, kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, kwenye chumba cha pili itakurudishia sauti uliyoizoea. Seti ya 0.013 iache dukani.

Ukishafunga nyuzi mpya, rudisha rula baada ya wiki. Ubao ukiwa umepanda, zilegeze siku hiyohiyo.