Makumbusho ya Reli Nairobi: nendeni mkaione Mount Gelai

Kwa anayependa treni, au aliye na mtoto anayezipenda, sijapata mahali katikati ya Nairobi panapostahili kiingilio chake kama Makumbusho ya Reli. Yapo karibu na stesheni kuu, ukitokea barabara ya Haile Selassie, na yalifunguliwa mwaka 1971. Mimi nikifika huko, muda wangu mwingi huishia uani, kwenye injini nambari 5918 iitwayo Mount Gelai.

Ni ya rangi ya damu ya mzee, urefu wake unapita mita 30 na uzito ni kama tani 250. Kampuni ya Beyer Peacock iliiunda Manchester mwaka 1955. Zilikuwa injini 34 za aina moja, iliyoitwa daraja la 59, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai wenyewe uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Katika reli za upana wa mita moja, duniani kote, hazijawahi kutembea injini za mvuke kubwa kuliko hizi. Ukishaitazama juu, inama uitazame reli iliyoibeba. Hiyo mita moja ni ndogo kweli. Reli mpya ya SGR ina upana wa milimita 1,435.

Binti yangu ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yote: "Mama, mbona lile pipa halina magurudumu chini?"

Pipa ni boila, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na siri yote ya injini hii iko hapo. Boila limening'inia katikati, likishikiliwa na egemeo mbili. Mbele kuna seti ya magurudumu iliyobeba tangi la maji, nyuma kuna seti nyingine iliyobeba mafuta mazito ya kuchoma. Kila seti ina silinda zake na hujigeuza yenyewe kwenye kona, kwa hiyo chuma hiki kirefu kiliweza kupinda pale ambapo injini ya kawaida ya ukubwa huo ingekwama. Jumla ni magurudumu 28, na yanayovuta ni 16, hivyo uzito unatawanyika badala ya kuangukia sehemu moja ya reli. Na kwa kuwa chini ya boila ni wazi, wahandisi waliweza kulinenepesha na kupanua tanuri. Mpango huo ulibuniwa na Mwingereza Herbert Garratt mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu anaweza kuusoma mara kumi asiuelewe, lakini tembea hatua chache kando ya Mount Gelai, utauona.

Haja ya nguvu hizo inaeleweka ukifikiria njia yenyewe. Kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 530, na unafika ukiwa zaidi ya mita 1,600 juu. Injini hizi ziliundwa zivute tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita 100. Mbele ya Nairobi reli inapanda hadi Limuru, inashuka Bonde la Ufa, kisha inapanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Wajenzi walipofika ukingo wa bonde, walishusha mabehewa kwa kamba za chuma hadi njia ya kudumu ilipokamilika. Nawaheshimu sana watu hao, wengi wao vibarua walioletwa kutoka India, na wengi hawakurudi kwao.

Pandeni kwenye chumba cha dereva. Mabomba na vali zimejaa hadi juu, na humo ndimo pa kumweleza mtoto kwa nini mtunza moto hakuacha kutazama kioo kinachoonyesha kiwango cha maji ndani ya boila: maji yakipungua kupita kiasi, paa la tanuri huungua na boila laweza kulipuka.

Msiikose injini ya Nyaturu, nambari 3020, iliyotoka Glasgow. Ni ndogo na nyepesi, na ukiziona zote mbili ukubwa wa Gelai unakuingia zaidi. Halafu kuna behewa nambari 12, ambamo mwaka 1900, pale Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alipitiwa na usingizi akimvizia simba. Simba aliingia, akamtoa kupitia dirishani. Mimi kisa hiki humsimulia mtoto mkubwa tu.

Ukumbi wa ndani una picha na vyombo vya mezani vya treni za zamani. Ni vizuri, ila mimi huupitia haraka.

Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali, na viatu viwe vya kufunika vidole, kwa sababu utakuwa unakanyaga kokoto na kupanda ngazi za chuma. Ukiwa na saa moja tu, anza na Gelai, upande wa kushoto na wa kulia, ndipo uende kwingine.