Chupa ya kuoshea pua kwa anayeacha dawa ya kuzibua

Chupa hii laini ya mililita 240 haizibui pua papo hapo kama oksimetazolini, dawa ya kupuliza ya kuzibua pua, na anayeinunua kwa tumaini hilo atavunjika moyo usiku wa kwanza. Kazi yake ni kulainisha na kutoa makamasi mazito wakati utando wa pua unapona. Dawa ya kuzibua hubana mishipa ya damu. Ikitumika zaidi ya siku 3 hadi 5 mfululizo, mishipa huvimba upya kila nguvu yake inapoisha, pua inaziba kuliko mwanzo, na mtu anapuliza tena.

Njia inayovumilika ya kuacha dawa hiyo ni kuanza na tundu moja. La kushoto lipate maji ya chumvi tu, la kulia liendelee na dawa mpaka la kushoto lifunguke lenyewe, mara nyingi baada ya wiki moja au mbili. Kisha hamia la pili. Dawa ya pua ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe, kwa ushauri wa daktari, hupunguza sana mateso, ila huchukua siku kadhaa kushika.

Maji yachemke dakika moja, yapoe hadi vuguvugu; ya bomba moja kwa moja ni hatari. Chumvi gramu 2 hivi, isiyo na madini joto. Ikichoma, kipimo kimekosewa. Inama, pumua kwa mdomo, minya taratibu, maana ukikaza mkono maji hufika masikioni.

Kasoro yake ni mrija: ndani haukauki upesi. Uchomoe kila baada ya kuosha, uuning'inize.