Duka la kukodi mashine Mwembe Tayari: ghali kidogo, na nalipa kwa moyo mkunjufu

Natengeneza milango, madirisha na vitanda vya mbao Kisauni, Mombasa, na mashine zangu nyingi ni za kukodi. Randa ya umeme ikikaa wiki mbili bila kazi huku kwetu, hewa ya chumvi inaila beringi, na mimi sina kazi ya kuitumia kila siku. Kwa hivyo wakodishaji nawajua.

Hili duka liko nyuma ya soko la Mwembe Tayari, chumba kimoja chenye kaunta na soketi ukutani. Grenda ndogo, mashine ya mkono ya kukata chuma kwa diski inayozunguka, ni shilingi 700 kwa siku, amana 3,000. Kwingine utaipata kwa 500 na hakuna atakayekuuliza unaenda kukata nini. Hapa wanauliza. Ukijibu vibaya, hupewi.

Nimelishuhudia hilo kwa macho yangu. Alikuja fundi wa mageti akitaka grenda ya diski ya milimita 115, aivue kinga inayofunika diski ili diski kubwa ya 230 ipate nafasi, akate chuma kinene. Mwenye duka, mzee wa sauti ya chini, alichukua ile diski kubwa akamwonyesha maandishi: mwisho mizunguko 6,650 kwa dakika. Akaigeuza grenda, nayo imeandikwa 11,000. "Mwanangu, ukiizungusha hivi itapasuka, na kinga umeshaitoa. Vipande vitakwenda wapi?" Yule fundi alinuna, akatoka. Mzee hakumfuata. Nikapiga hesabu baadaye: hata diski ndogo, ile inayostahili, ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Hiyo kubwa kwenye mashine ile ingekaribia 480. Wangapi mtaani wanafanya hivyo kila siku, kinga imetupwa kwenye kona na vyuma chakavu!

Diski zao pia wanazikagua. Ile pete ya chuma katikati ya diski huwa na mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, na wao wanakusomea kabla hujalipa. Gundi inayoshikanisha chembe za diski huchoka, hasa ikiwekwa mahali penye unyevu, na Mombasa unyevu hauna msimu. Diski mpya ikishafungwa wanaiacha izunguke bure kama dakika moja, kila mtu amesimama pembeni. Na plagi haiingii ukutani mpaka spana ya kufungia iwe imerudi kwenye kaunta.

Wenzangu maseremala watakereka na jambo moja: diski za meno za kuchongea mbao kwa grenda hawaweki kabisa. Mimi nazitamani, zinachimba haraka. Lakini jino likinasa kwenye fundo la mbao, mashine inaruka kabla mkono haujajua, na mapaja yako ndiyo yapo karibu. Wamekataa, na wamefanya haki.

Kuna kijana wa kaunta ambaye namheshimu sana. Mara ya kwanza aliniambia, "Dada, samahani, mtandio uufunge nyuma uingie ndani ya ovaroli," kwa adabu ile ile aliyomwambia mwanamume aliyekuja na kanzu kuwa hataondoka na drili mpaka aonyeshe atavaa nini kazini. Hapo hapo akanieleza kwamba glavu za ngozi ni za grenda, ila kwenye drili ya meza zivuliwe, kwani ncha ya glavu ikishikwa mkono wote unafuata. Sijawahi kuona mkodishaji mwingine akijali hilo.

Upande wa umeme ndio ulionifanya niwe mteja wao. Ekstensheni yao ni ya waya mnene, na wanasisitiza uikunjue yote hata kama soketi iko hatua tatu kutoka ulipo, maana waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hauna pa kutolea joto, unaweza kuyeyuka. Juu yake wamefunga kifaa kinachokata umeme ukivuja kufika miliampia 30. Sakafu ya karakana yangu hupata maji mvua ikinyesha, mikono inatoka jasho, na volti ni 240. Kifaa hicho peke yake kina thamani ya hizo shilingi 200 za ziada. Fyuzi za plagi ni za kweli, hakuna kipande cha waya wala msumari. Na wanakukumbusha: stima ikipotea katikati ya kazi, zima swichi na uchomoe. Grenda nyingi swichi yake hubaki imejifunga upande wa kuwaka, na stima ikirudi inaamka yenyewe mezani, labda mtoto yuko karibu.

Kasoro zipo. Miwani wanayotoa imechakaa, huoni mstari wa kukatia, na hilo kwa duka makini hivi halikubaliki. Vizibo vya masikio hawana. Barakoa zao ni nyepesi mno kwa vumbi la mbao. Beba vyako. Risiti ya amana pia waandikie mwenyewe jina la mashine, kwa sababu wao huandika "mashine" tu.

Ijumaa wanafunga kwa ajili ya swala na hurudi alasiri. Jumamosi nenda mapema: msumeno wa duara wanao mmoja tu, na mafundi wa Likoni huuchukua asubuhi.