Seti ya majaribio ya mwanga niliyonunua Kariakoo, stika peke yake imerudisha hela yangu

Nafundisha tuisheni ya fizikia, form six, na kila mwaka kwenye mada ya mwanga tunakwama palepale: vijana wanakariri kwamba mwanga ni wimbi na ni chembe, kwenye mtihani wanapata maksi, lakini ukiwaangalia usoni hawajaamini. Ndo mana nikajilipua nikatoa elfu 45. Ndani kuna leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, slaidi yenye mipasuo miwili, kiplastiki cha mistari 500 kwa milimita, tochi ya zambarau na stika za kung'aa gizani.

Upande wa wimbi iko vizuri. Tulifunga mapazia, leza ikapita kwenye mipasuo ikapiga ukutani mita 3 hivi, na badala ya madoa mawili ikatoka foleni ya mistari, mwekundu mweusi mwekundu mweusi, mawimbi yakikutana yanajazana hapa na kufutana pale, yani kilekile alichokionyesha mwanasayansi Mwingereza Thomas Young mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kile kiplastiki nacho, ukikaa mita 1 toka ukutani, doa la pembeni linaangukia sentimita 34 toka la katikati, piga hesabu unarudi kwenye 650 kabisa.

Sasa stika! Tuliimulika na leza nyekundu dakika 10 nzima, tukazima, giza tupu. Tochi ya zambarau ikaigusa sekunde moja tu ikawaka kijani. Binti mmoja akauliza, mwalimu, kwani tungekaa na nyekundu lisaa lizima je? Ndo swali lenyewe hilo jamani. Mwanga ungekuwa wimbi tu nguvu ingejikusanya kidogo kidogo mpaka itoshe, ila unakuja kwa vipande, fotoni, na kila fotoni nyekundu ina nguvu ya elektroni-volti (kipimo kidogo cha nishati) 1.9 hivi, ya zambarau karibu 3.1, kwahiyo ukiongeza nyekundu unaongeza idadi tu ya fotoni ambazo hakuna hata moja inayotosha kuiwasha stika. Einstein 1905 alilieleza hivyohivyo kwa elektroni zinazong'oka kwenye metali, ndo likampa Nobel ya 1921.

Kasoro: maelezo ni Kichina tupu, na leza haijaandikwa nguvu yake, hilo limeniudhi kweli maana macho ya watoto hayana spea, msiielekeze hata kwenye kioo cha dirisha.

Kama hela haitoshi tafuta tochi na stika kwanza. Mipasuo unaweza kuichora mwenyewe, bana nyembe mbili pamoja ukwangue kioo kilichopakwa masizi ya mshumaa.