Kozi ya kuongoza timu za mtandaoni: wamemtoa mtu darasani kwa sababu ya kamera

Naandika hasira zikiwa bado hazijapoa, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kozi yenyewe ni ya kuongoza na kusimamia timu za miradi ambazo watu wake hawakai ofisi moja: mmoja yuko Dar, mwingine Bukavu, mwingine London, na wote wanatakiwa kutoa kazi moja. Ada, idadi ya moduli na aina ya cheti utavikuta kwenye tangazo lao. Mimi nitasema yale ambayo tangazo halisemi.

Katika kipindi kimoja cha moja kwa moja, dada mmoja wa kundi letu aliyekuwa anaingia kutoka Bukavu alikuwa anawasilisha rejista ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi, ya mradi wa mazoezi. Kamera ameizima, sauti inafika safi, hoja zimepangika. Amefika kihatarishi cha tatu, mkufunzi akamkatiza: "Dada, washa kamera. Kiongozi hajifichi." Akajibu kwa adabu, "Samahani mwalimu, mtandao wa huku haubebi video, nikiwasha sauti itakatika." Mkufunzi akasema darasa zima likisikia: "Kama huna intaneti ya maana, kozi hii si ya kwako." Akamtoa chumbani, akaendelea na slaidi zake.

Anayefundisha watu kuongoza timu za mbali anapaswa kuijua hesabu hii hata akiwa usingizini. Sauti ya kikao inatumia kama kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, yaani chini ya megabaiti 40 kwa saa kwa kila upande. Video ya kundi inaweza kufika megabiti 1 kwa sekunde kwenda na nyingine kurudi, na hapo saa moja inameza karibu megabaiti 900. Kwa mtu anayetumia bando la simu, hiyo ni tofauti ya kuhudhuria wiki nzima na kuhudhuria kikao kimoja. Halafu kwenye mitandao ya simu kasi ya kupandisha data mara nyingi ni ndogo kuliko ya kushusha. Video ikijaza njia ya kupandisha, vipande vya sauti vinachelewa au vinapotea, ndiyo maana mtu anaanza kusikika kama anaongea ndani ya pipa. Anayezima kamera analinda sauti yake ili timu imsikie. Huyo dada alifanya uamuzi sahihi wa kiufundi, akaadhibiwa kwa huo huo uamuzi.

Kiongozi anayeijua kazi anafanyaje mtu akiwa na mtandao dhaifu? Kwanza anamwomba azime video zake na zile zinazoingia, maana nyuso za wenzake zinamlia data hata kama kamera yake imezimwa. Picha ya bandia ya nyuma nayo iondolewe, inachosha kompyuta ndogo mpaka sauti inakwama ingawa mtandao uko sawa. Slaidi zitumwe mapema kama faili la PDF, ili mtu afuate kwa kutajiwa namba ya ukurasa badala ya kusubiri skrini ya mwenzake ifunguke. Mtu mmoja, tofauti na anayeendesha kikao, apewe kazi ya kuangalia chati, yaani jumbe watu wanazoandika wakati wa kikao, na kumpigia simu ya kawaida yeyote aliyedondoka. Ikishindikana kabisa, aliyedondoka atume maelezo yake kwa ujumbe wa sauti na yasikilizwe kabla uamuzi haujafungwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi.

Na suala la intaneti si la mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti Afrika Mashariki, zilikatika, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile hata mwenye ofisi yenye faiba na jenereta alibaki anaangalia skrini inazunguka. Meneja wa mradi aliyekuwa na namba za simu za watu wake zimeandikwa mahali, nakala za nyaraka muhimu kwenye kompyuta zao, na makubaliano kwamba mtandao ukifa maelekezo yanakuja kwa SMS, aliendelea na kazi. Kihatarishi cha tatu cha yule dada kilikuwa hicho hicho: kukatika kwa mawasiliano. Hakuruhusiwa kukimaliza.

Sasa niwe mkweli upande wa pili, kwa sababu kozi hii ina kitu kizuri sana ndani yake na kinaniuma zaidi kwa sababu hiyo. Masomo ya kurekodi yamefundishwa na mtu mwingine kabisa, na yule mtu anajua. Somo la kanda za saa, yaani tofauti za saa kati ya sehemu moja ya dunia na nyingine, peke yake lina thamani ya nusu ya ada. Anaanza na kikao cha saa 16:00 Dar: Bukavu ni 15:00, London ni 13:00 wakati wa baridi na 14:00 wakati wa kiangazi, Toronto ni 08:00 au 09:00. Halafu anaonyesha mtego ambao wengi hatuuoni kwa sababu saa zetu hazibadilishwi: sehemu kubwa ya Kanada na Marekani wanasogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi. Kwa wiki mbili au tatu hapo katikati, pengo la London na Toronto linakuwa saa nne badala ya tano. Oktoba na Novemba linajirudia kwa wiki moja. Kikao kilichofungwa kwenye kalenda kwa saa za Toronto kinahama kwa mtu wa Dar bila yeye kugusa kitu. Dawa yake: chagua ukanda mmoja uwe mama wa ratiba, uandike kwenye kila mwaliko, na wiki moja kabla ya mabadiliko mtu atume ujumbe wa kukumbusha. Tena anasisitiza kuandika 15:00 EAT (saa za Afrika Mashariki), siyo "saa tisa", kwa sababu Mtanzania aliyekulia ughaibuni ataisoma kama 09:00.

Somo la makabidhiano nalo ni dhahabu. Mistari mitano kila unapofunga kazi: nini kimekamilika, nini hakijakamilika, faili la mwisho liko wapi na linaitwaje, nini kinazuia, na mwenzako aanze na lipi. Anaeleza pia kinachoharibika: watu huandika "kazi inaendelea vizuri," na mwenzako wa Toronto anaamka asubuhi hana pa kushika, anauliza, wewe umeshalala, siku nzima imekwenda. Vivyo hivyo kwa kazi iliyofika "asilimia 90" na kukaa hapo. Kila kazi iwe na alama ya kumalizika ambayo mtu wa tatu anaweza kuithibitisha: fomu imejazwa na kusainiwa, faili limepandishwa kwenye folda fulani, mteja amejibu kwa maandishi. Na kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Ukiandika majina mawili, kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Kwa masomo hayo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, na yule mkufunzi ningemhesabu kama doa kwenye kitambaa kizuri.

Ndipo zikatoka orodha za mahudhurio. Mfumo wao unahesabu dakika ambazo kamera iliwaka. Yule dada, ambaye kazi zake za maandishi ndizo zilizokuwa bora katika kundi letu na kila mtu kundini anajua, akaandikwa hakuhudhuria, na cheti hakupewa. Niliwaandikia. Nikaomba mambo mawili tu: wahesabu ushiriki kwa kazi zilizowasilishwa na michango kwenye chati, na mkufunzi amwombe radhi pale pale alipomdhalilisha. Jibu lilikuja limenakiliwa kutoka kwenye masharti ya kozi, likianza na "Mpendwa mshiriki," bila kutaja hata moja kati ya niliyoyauliza.

Hili linagusa kiini cha somo lenyewe. Katika vipindi vya moja kwa moja walitupitisha kwenye hatua za timu za mwanasaikolojia Bruce Tuckman za mwaka 1965: kuundwa, kuvutana, kukubaliana, kutenda. Ni sawa, lakini mkufunzi alizisoma kana kwamba timu ya mtandaoni inavutana kwa sauti kama ya ofisini. Haivutani hivyo. Mvutano wa mtandaoni ni ukimya. Utauona majibu yanapofupika kuwa "sawa" na "poa," mazungumzo yanapohama kutoka kundi kuu kwenda pembeni, na mtu aliyekuwa anauliza maswali anapoacha kuuliza. Chanzo chake mara nyingi ni mtu kukosolewa hadharani. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni kusifu mbele ya watu na kurekebisha kwa simu, mtu na mtu, kwa sauti, maana maandishi husomeka makali kuliko ulivyokusudia. Baada ya kipindi kile, chati ya darasa letu ilikauka. Waliokuwa wanabishana kwa hoja wakawa wanaandika "sawa mwalimu." Mkufunzi hakuona, au aliona akadhani ni nidhamu.

Kwa hiyo nyota mbili. Nimefikiria kuandika moja, nimefikiria pia kurudisha tatu kwa ajili ya yule mwalimu wa rekodi, ambaye ningemfuata akifungua kozi yake kesho. Wakikuuzia masomo ya kurekodi peke yake, nunua, utayatumia Jumatatu ile ile. Ukiambiwa lazima uchukue na vipindi vya moja kwa moja, waulize kwa barua pepe kabla ya kulipa: mahudhurio mnayahesabuje, anayeingia kwa sauti tu anatambuliwa, na akitolewa chumbani anakata rufaa kwa nani? Wakujibu kwa maandishi. Wakikutumia masharti ya kozi yaliyonakiliwa, usilipe.