Kadi yangu ya wazee, na basi lililoondoka saa 3:29

Sijawahi kuandika malalamiko ya basi maishani mwangu. Nimepanda mabasi ya Tanga na ya Dar, nimepanda ya London miaka zaidi ya thelathini, nimekanyagwa, nimesimama njia nzima na mafua, sikuandika neno. Hili la Leicester, mji wa England nje ya London, limenikaa kooni. Nikilimeza linarudi.

Kwanza kadi yenyewe, maana sitaki mtu aseme bibi huyu hana shukrani. Ninayo Freedom Pass, kadi ya wazee wa London. Ukifikisha umri wa pensheni ya serikali, yaani miaka 66 au zaidi kidogo, na makazi yako yapo London unaipata, na ukiipata unapanda basi, tramu na treni ya chini ya ardhi bila kutoa senti. Kazi yangu ilikuwa kutunza wagonjwa na wazee majumbani, zamu za usiku, na miaka yote ile nilijua njia mbili tu, ya kwenda kazini na ya kurudi. Mji wenyewe nimeujua baada ya kustaafu, kwa kadi hii. Naishika kama watu wanavyoshika pasipoti.

Juu yake pana alama ya ua la waridi. Wengi hawaliangalii. Ua lile ndilo linalosema kwamba kadi inafanya kazi katika mabasi ya ndani ya miji yote ya England, siyo London peke yake. Zamani haikuwa hivyo, kadi ya mzee iliishia mpakani mwa halmashauri yake. Aprili 2008 ndipo mlango ulipofunguliwa nchi nzima. Nchi nzima maana yake England. Ukivuka Scotland au Wales wana kadi zao, na huko wanaanza kupewa miaka 60. Na nje ya London ni mabasi tu. Ukienda Manchester usisogelee tramu ukidhani umesamehewa. Wazee wa kule wanalipia pauni 10 kwa mwaka ndiyo waipande, na mgeni analipa nauli kama kawaida. Hayo yote niliyajua. Shoga yangu mmoja ana kadi ya London ya miaka 60, ile ya kusubirisha mpaka upate kama hii yangu, nikamwambia mapema hiyo yako haina waridi, usiondoke nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu.

Nisichokijua ni nusu saa.

London, siku za kazi, kadi yetu inaanza saa 3:00 asubuhi. Ukitoka nje ya London inafuata saa za nchi, kuanzia saa 3:30 asubuhi mpaka saa 5:00 usiku, na Jumamosi, Jumapili na sikukuu siku nzima. Kila halmashauri inaweza kuwaongezea watu wake saa ikitaka, lakini mara nyingi nyongeza hiyo ni ya wenyeji. Mgeni asitegemee ila saa 3:30. Sasa nalijua hilo kama najua jina langu. Asubuhi ile sikulijua.

Majuzi, baridi ilikuwa haijaisha, mwanangu alijifungua huko Leicester. Mtoto wa kwanza, tena kwa kisu. Nyumba yao ni chumba kimoja na sebule, nikafikia kwa binamu yangu upande wa pili wa mji, na kila asubuhi ikawa lazima nipande basi kwenda kumkanda mama, kumwogesha mtoto, na kumpa mwanangu uji wa pilipili manga, ule mwepesi tunaowapa wazazi kwetu. Nilikuwa nimeupika alfajiri, nimeutia katika chupa ya chai, chupa nimeizungushia kanga, na kanga nimeitia ndani ya begi juu ya pochi. Siku hiyo mkunga angepita saa 4:00. Mwanangu aliniambia, mama usichelewe, nataka uwepo ukiulizia kidonda.

Nikafika kituoni katikati ya mji, basi limeshasimama, mlango wazi, linangoja muda wake. Nikapanda, nikamwamkia dereva, nikaweka kadi juu ya mashine. Taa nyekundu, na ule mlio wake wa ukali. Nikaweka tena. Nyekundu. Dereva hakuinua uso. Akasema, "Too early," yaani nimewahi mno.

Nikamwonyesha waridi. Akasema hapa si London, hapa ni saa tatu na nusu. Simu yangu ilikuwa inasema saa 3:22. Nikamuuliza kwa adabu zote, basi hili linaondoka saa ngapi? Akasema, "Half past." Saa tatu na nusu! Mtaniuliza mbona sikulipa, nauli yenyewe haiui mtu. Pochi ilikuwa chini ya chupa ya uji na nguo za mtoto, na mtu ameniambia kwa kinywa chake kwamba basi linaondoka dakika ileile kadi yangu inapoanza kukubalika. Nikamwambia vizuri, nitasubiri. Akanionyesha nje kwa kidole. Wala si "kaa hapo mama", basi lina viti arobaini havina watu, nje kuna upepo unaokata masikio. Kidole.

Nikashuka. Mlangoni alikuwa amesimama dereva mwenzake na kikombe cha kahawa. Yule wa ndani akamwambia, "Another twirly," wakacheka. Mlango ukafungwa.

Nikasimama pale pale mbele ya mlango, mkono umeshika kadi, macho kwenye simu. 3:25. 3:27. Abiria wawili vijana wakaja, akawafungulia, wakagusa kadi zao za benki, akafunga. 3:28. Nikasogea. Ilipoandika 3:29 nikasikia injini inabadilisha sauti. Nikagonga kioo. Yule mtu akageuka akanitazama. Nasema akanitazama, macho kwa macho, mimi mtu mzima mwenye begi la uji, kadi imeinuliwa juu aione. Kisha akageuza usukani akaondoka.

Dakika moja!

Nilisema kwa sauti, Kiswahili hicho hicho, "Huyu mtu ana roho gani?" Nyuma yangu nikasikia, "Pole dada. Hii basi iko hivyo kila siku."

Nikageuka. Mama wa Kihindi, makamo yangu au amenizidi kidogo, sari ya kijani chini ya koti zito, miguuni raba. Leicester wako wengi waliozaliwa Afrika Mashariki, nilijua, lakini kujua ni jambo moja, na kupewa pole kwa Kiswahili ukiwa unatetemeka kwa hasira ni jambo jingine. Amezaliwa Jinja. Waliondoka 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90. Akanivuta mkono mpaka kwenye nguzo yenye ratiba, akaweka kucha yake kwenye mstari. Palikuwa pameandikwa 09:29. "Ona dada. Hii basi saa yake ni ishirini na tisa. Sisi iko na kadi, sisi nakuja kwa hii ya nyuma."

Kwa hiyo dereva aliondoka kwa wakati wake. Hapo nilitaka kumsamehe, nasema kweli, nikajiambia huyu naye ameajiriwa, anafuatwa kwa dakika, akichelewa anaulizwa. Hasira yangu ikahamia kwa aliyeketi ofisini akaandika 29. Watu wenye kadi wanaanza saa 3:30, wewe unapanga basi liondoke dakika moja kabla, na linalofuata ni baada ya dakika ishirini. Sina ushahidi kwamba ilifanywa makusudi. Lakini yule mama aliniambia kila asubuhi hukuta wazee wamesimama pale wanalitazama likiondoka.

Halafu nikakumbuka neno "half past", na msamaha ukaisha. Yeye aliijua ratiba. Angesema 29 ningetoa pochi, ningelipa, ningekaa kwa heshima yangu. Aliniambia 30 kisha akaondoka akinitazama.

Na lile neno? Jioni nikamuuliza mkwe wangu, twirly ni nini. Akaona haya kunijibu. Kumbe ni jina ambalo madereva wa nchi hii wanawaita wazee wenye kadi, kwa sababu wazee husimama mlangoni wakauliza, "Am I too early?", yaani je, nimewahi mno, na ukilitamka haraka haraka linatoka hivyo. Yaani swali la adabu la mtu mzima, la kuomba kujua kama ameruhusiwa, limegeuzwa jina la kumcheka. Nilifanya kazi ya kuwageuza kitandani mama zao na baba zao, nikiwaita kwa majina yao kamili, Bibi fulani, Bwana fulani. Sikuwahi kumpa mzee wa mtu jina la mzaha.

Iliniumiza kwa sababu naijua sura ile. Niliiona Dar nilipokwenda likizo, kituoni Mbagala, konda amesimama mlangoni mwa daladala anawazuia wanafunzi kwa kiwiko kwa sababu nauli yao ni ndogo. Mjukuu wa dada yangu alikuwa mmojawapo, na begi lake la shule, daladala tatu zinampita. Anayelipa kidogo anatazamwa kama mwizi wa kiti. Konda wa Dar angalau ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, mwanafunzi kweli anamkata mfukoni. Huyu wa Leicester mimi namkata nini? Safari zetu za kadi kampuni inarudishiwa pesa na halmashauri, na sheria inataka kampuni isipate hasara wala faida kwa kutubeba. Hata ningepanda mara kumi kwa siku, mshahara wake uko palepale.

Tulingoja pamoja dakika zile ishirini, mimi na mama wa Jinja. Nilikuwa na jazba, nikamwambia mji huu haupendi wageni, mimi kesho narudi London. Akacheka kidogo. Akaniambia 1972 halmashauri ya mji huu ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kuwaambia Waasia wasije Leicester, pamejaa. "Baba yangu nasoma hii gazeti. Nasema usikuje. Sisi nakuja." Kisha akarekebisha kola ya koti langu kama mtu anavyomfanyia mdogo wake, basi likafika.

Dereva wa basi lile alikuwa msichana. Nikaweka kadi, taa ya kijani, akaniambia kaa kwanza mama, nisiondoe gari hujakaa. Hakuondoa mpaka nimekaa. Kadi ileile, asubuhi ileile.

Nilifika saa 4:20. Mkunga alishakuja, alishaondoka. Mwanangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na karatasi aliyoachiwa, hakukumbuka nusu ya alichoambiwa kuhusu kidonda, analia, mtoto analia. Uji ulikuwa bado wa moto. Nikamnywesha kikombe kwa kikombe, nikachemsha maji ya kumkanda, sikumwambia la basi mpaka usiku.

Hiyo ndiyo gharama ya dakika moja, na ndiyo sababu naandika. Nilipoanza nilitaka kusema wazee wenzangu msihangaike na kadi zenu nje ya mji wenu, lipeni nauli muepuke kudharauliwa. Sasa naona siwezi kusema hivyo, maana nilikaa wiki mbili na siku zote zilizobaki niliitumia. Jumapili nilikwenda Belgrave Road kutafuta bizari na pilipili manga nzima, nikazunguka mpaka miguu ikachoka, bila senti, asubuhi mapema, hakuna aliyenizuia. Kadi ni nzuri. Kadi ni nzuri sana. Ukisafiri nayo tu, uliza kwanza inaanza saa ngapi huko, na usimuulize dereva basi linaondoka saa ngapi. Soma nguzo.

Na kampuni ile? Nimeandika namba ya basi na siku nyuma ya risiti ya duka, ninayo ndani ya Kurani yangu ndogo, na barua nimeianza mara tatu. Mara nataka afukuzwe. Mara nasema ana watoto. Kisha nakumbuka kile kidole.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimkuta tena. Saa 3:49, nilikuwa nimesharekebisha ratiba yangu kama mwenyeji. Mlango ukafunguka, ni yeye. Nikaweka kadi, taa ya kijani. Akanitazama akatabasamu, "Morning, me duck." Duck ni bata, ndivyo wanavyoitana watu wa kule wakiwa na mapenzi. Nikasubiri aone ni mimi. Hakunikumbuka hata kidogo. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kunikosea.

Nikaenda kukaa. Nilipofika kituo changu nikapita mbele yake, nikashuka, sikusema asante. Tangu nije nchi hii sijawahi kushuka basi bila kumwambia dereva asante.