Tracery: nyepesi kutungia mashairi, ila ngeli ujipangie mwenyewe

Tracery ni maktaba ndogo (msimbo ulio tayari kutumiwa) ya lugha ya programu ya JavaScript, iliyoandikwa na Kate Compton, na kwa anayeanza kuchezesha kompyuta maneno, ndiyo ya kushika kwanza. Unaandika faili la JSON, yaani maandishi yaliyopangwa ili kompyuta iyasome: kila jina na orodha yake ya vipande, na kwa kawaida mstari huanzia kwenye jina "origin". Ukiandika #tendo#, panaingia kipande kimoja cha orodha yenye jina "tendo" kwa bahati nasibu. Ukitaka neno litokee zaidi, lirudie kwenye orodha.

Kwa Kiswahili, kazi iko kwenye upatanisho. Nomino zote zikiwa kapu moja utapata "jua kimezama". Viongezi vya kisarufi vya Tracery, kama .s ya wingi, ni vya Kiingereza, viache. Dawa ni kumfunga kila mtenda na kipatanishi chake tangu mwanzo: "Jua jema lime", "Chombo chema kime", "Nyota njema ime", kisha #tendo# bila nafasi: zama, hama, kwama. Mizani 6 na 2 ni 8, kipande kamili cha mshororo, na kina cha -ma kinatulia chenyewe. Inapendeza mno!

Tracery haihesabu mizani, wala haikumbuki ilichotoa usipoiagiza ikihifadhi. Neno moja laweza kurudi mara tatu katika ubeti. Ukikosea jina la orodha, jina hilo huchapwa ndani ya shairi likiwa na mabano mawilimawili. Na orodha inayojiita yenyewe bila pa kutokea huangusha programu.